Rangi Mpya, Chuma cha Zamani

Kijana mmoja wa Malindi alisikia kuwa BSA M20 inauzwa Mambrui. Pikipiki hiyo ya cc 500, iliyoundwa Birmingham, jeshi la Uingereza liliitumia sana katika Vita Vikuu vya Pili. Ziliundwa zaidi ya 120,000. Kijana aliota kuifufua. Alipofika, akaona tangi linang'aa na bei ni rahisi.

Akampigia simu mjomba wake, fundi wa Kilifi.

"Mwanangu, usitoe hata arabuni kabla hujakanyaga kiki. Na nambari ya injini uisome kwa macho yako."

"Mjomba, kuna mwingine anaitaka," akajibu, akalipa papo hapo.

Nyumbani, kiki haikushuka. Plagi ilikuwa imetolewa miaka mingi, tundu likaachwa wazi, na hewa ya chumvi ikaingia hadi pistoni ikashikana na silinda kwa kutu. Akamwita fundi wa bodaboda. Spana zake za milimita ziliteleza na kula pembe za nati, kwani chuma kile kilifungwa kwa nati za kipimo cha Kiingereza cha Whitworth. Magneto ya Lucas nayo, ilipofunguliwa na kuzungushwa kwa mkono, haikutoa cheche. Kampuni ya awali ya BSA iliacha kuunda pikipiki mwanzoni mwa miaka ya 1970; spea zipo bado Uingereza, lakini kila moja huja na nauli na ushuru wake.

Pigo kubwa lilikuwa kwenye karatasi. Nambari ya injini haikulingana na ile ya logibuku, na mwenye jina lililoandikwa humo alikuwa amefariki. NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, haihamishi umiliki wa chombo cha marehemu bila hati ya mirathi, na muuzaji hakuwa nayo.

Wahenga walinena: rahisi yavunja upishi. Ukitamani pikipiki ya kale, anza na karatasi, kisha injini. Rangi iwe ya mwisho. Kutu ya nje isikutishe, maana hiyo huondoka kwa msasa. Heri tangi lililochakaa lenye injini inayozunguka na nambari zinazolingana, kuliko urembo uliofunika mzoga. Hasa huku pwani, ambako bahari hula chuma kimya kimya, nenda na fundi anayezijua pikipiki hizo, umlipe siku yake. Na muuzaji akikuharakisha, mwachie mali yake.