Je, Meza Ina Hatia?

Likizo iliyopita nilifanya kazi katika karakana ya mjomba wangu mjini Arua. Siku moja alikuja mzee kutoka Koboko, askari mstaafu, akaagiza meza ya kazi. Alitaka miguu ya mvule, inchi nne kwa inchi nne, iungwe kwa ulimi na tundu, na uso wa mbao mbili zilizolaliana kwa gundi na skrubu. Alitaka pia meza ikazwe ukutani kwa boliti na itobolewe matundu manne upande wa mbele. Nilipomuuliza matundu ni ya nini, hakunificha.

"Ya kufungia mashine ya mkono, kijana. Naokota maganda ya bunduki yangu ya kuwindia kanga, nayajaza upya nyumbani. Ukivuta mpini kwa nguvu, meza dhaifu inaruka."

Leseni ya bunduki alikuwa nayo. Ya kutengeneza risasi hakuwa nayo. Akalipa nusu ya bei, na mjomba akanikabidhi fedha hizo zote, kwa kuwa karo yangu ya muhula ilikuwa haijatimia. Usiku ule sikulala vizuri. Je, seremala ana sehemu yake katika kitakachofanyika juu ya meza aliyoiunda?

Jibu la mjomba lilikuwa fupi: "Mimi nauza mbao, siuzi baruti." Hoja hii si nyepesi. Mhunzi anayeuza mapanga sokoni Arua hamuulizi kila mnunuzi atakata nini. Kama kila fundi angebebeshwa mzigo wa kila mkono utakaoshika kazi yake, hakuna ambaye angethubutu kufua hata jembe.

Hata hivyo, naona tofauti kati ya panga lile na meza hii. Panga limefuliwa kwa ajili ya mtu yeyote. Meza ya mzee ilikuwa na kusudi moja, na kusudi hilo ndilo lililonipa vipimo. Ondoa risasi katika mchoro, na matundu manne hayana maana, wala hakuna haja ya kuikaza meza ukutani. Aristotle aliandika kwamba ufundi wa kutengeneza lijamu uko chini ya ufundi wa kupanda farasi, nao upandaji farasi vitani uko chini ya ufundi wa kuongoza vita. Mtengeneza lijamu hapigani, lakini kazi yake inapata umbo kutokana na kazi iliyo juu yake. Mimi nami nilikuwa nimeshaingia katika ngazi hiyo, na nilijua inapanda kwenda wapi.

Lakini kujua peke yake si kosa. Nikijua kwamba meza ni ya kufanyia jambo jema, ujuzi huo haunitii doa. Basi kuna ubaya gani kujaza ganda ili kuwinda kanga? Huko Marekani watu wengi hufanya hivyo majumbani mwao, na majirani hawashtuki. Je, ubaya unazaliwa kwa sababu tu sheria ya Uganda ya silaha, ya mwaka 1970, inadai leseni?

Nadhani hapa mahali pana uzito wake. Koboko iko karibu na pale mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inapokutana. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walivuka mipaka hiyo wakikimbia risasi, bibi yangu akiwa mmoja wao. Tarehe 24 Juni 1981, raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua, waliuawa na wanajeshi. Ilichukua hadi Desemba 2002 kundi la mwisho la waasi wa eneo letu kutia sahihi mkataba wa amani kule Yumbe. Amani hiyo inasimama juu ya jambo dogo: kila mmoja wetu anakubali kwamba bunduki na risasi zijulikane zilipo. Risasi iliyonunuliwa kwa kibali ina njia yake. Risasi iliyozaliwa chumbani inajulikana na baba yake tu. Mzee huenda asimdhuru mtu hata siku moja, lakini anajipa mwenyewe ruhusa ambayo jirani yake, naye akijipa, itatutisha sote.

Wapo watakaosema: ukikataa wewe, ataiunda mwingine. Ni kweli kabisa. Lakini hoja hiyo inaeleza kama meza itakuwepo. Haielezi kama mimi niiunde.

Nilimwambia mjomba wakati miguu minne imeshakatwa, na alinikasirikia kwa haki, maana nilichelewa kusema. Tulimweleza mzee kwamba tungempa meza ileile bila matundu, au alete kibali kwanza. Alicheka. "Nilikuwa askari kabla mama yako hajazaliwa, leo wewe unifunze mambo ya bunduki?" Nikamrudishia fedha zake. Nilijiandikisha chuoni nikiwa nimechelewa, na nikalipa faini.

Sidhani kama nilizuia hata risasi moja. Mbao si haba Koboko, wala mafundi. Mjomba bado ananikumbusha kwamba mkono mtupu haulambwi, na sina la kumjibu ila kwamba naweza kumweleza bibi yangu kila kitu nilichokifanya likizo ile bila kuruka sehemu yoyote. Miguu ile ya mvule tuliiundia meza yetu wenyewe, na sasa tunarandia milango juu yake. Haitikisiki. Nanyi wenzangu, mnaosomea uhandisi, uhasibu au programu za kompyuta, siku moja mtaletewa mchoro wenye matundu manne. Ulizeni ni ya nini kabla hamjaanza kukata.