Je, Ajali Haina Kinga?

Pikapu ikikosa breki mtelemkoni na watu wakafa, twasikia matangani: "Ajali haina kinga." Neno hili lataka kupimwa.

Paipu za breki katika pikapu nyingi kuukuu ni za chuma. Hupita chini ya gari penye matope, na huko pwani chumvi huzila. Kutu hupenda kuanzia chini ya vibanio, jicho lisipofika. Mafuta ya breki nayo huvuta unyevu wa hewa, hata kutu ikala na kwa ndani. Basi gari lililosimama vema jana, leo dereva akikanyaga kwa nguvu, paipu hupasuka na kanyagio huzama hadi sakafuni.

Asiyejua, wala hakuwa na njia ya kujua, hana hatia. Lakini aliyeonyeshwa kutu na fundi, akajibu, "Nimalize mavuno kwanza," kisha akapakia watu juu ya magunia, ataiitaje ajali? Torati yapambanua (Kut. 21): ng'ombe akimwua mtu, mwenyewe hana hatia, bali kama alikwisha kuonywa kuwa ni mkali, asimfunge, damu i juu yake.

Mtasema: maskini atapata wapi fedha? Ni shida kweli. Lakini aweza kuliweka gari. Hana ruhusa ya kufanya biashara kwa roho za abiria.

Ndugu mwenye gari, kabla hujalileta kwa padre libarikiwe, lipeleke kwa fundi. Hilo nalo ni kuishika Amri ya Tano.