Dalali Asiyetaka Ujira



Baadhi ya vijana wanaohudhuria darsa zetu wametuuliza khabari ya programu za simu ambazo kwazo mtu hununua na kuuza hisa za makampuni ya Marekani pasi na kutozwa udalali hata senti moja. Wasema: je, si kheri hii, mnyonge kupata bure kilichokuwa cha matajiri? Tumeona tujibu hapa, kwani waliouliza ni wachache na wenye kutaka kujua ni wengi.

Mashuhuri katika programu hizo ni Robinhood, kampuni ya California iliyoasisiwa mwaka 2013 na Vladimir Tenev na Baiju Bhatt. Kabla yake, dalali wa Marekani alitoza dola kadha kwa kila biashara, iwe kubwa au ndogo, hata mwenye mtaji mdogo akaliwa na ujira kabla hajaonja faida. Kampuni hii ikauondoa ujira huo, watu wakaikimbilia, na ilipofika Oktoba 2019 madalali wakubwa wa zamani, kama Charles Schwab, nao wakauondoa. Katika hilo haki na isemwe: mlango uliokuwa mwembamba ulipanuka.

Lakini je, kampuni yenyewe yala wapi? Kila hisa sokoni ina bei mbili, ya kununulia na ya kuuzia, na baina yake pana tofauti ndogo, pengine senti moja tu. Yako makampuni, kama Citadel Securities na Virtu, yanayosimama baina ya bei mbili hizo na kuishi kwa tofauti ile. Dalali wa simu huyapelekea maagizo ya wateja wake, nayo humlipa kwa kuletewa. Mteja haoni malipo hayo. Huona neno "bure".

Basi tuulize kama waulizavyo wanazuoni katika mlango wa wakala. Mtu akikutuma umnunulie kitu, wewe ni wakili wake, na amana yake iko shingoni mwako. Ukipokea fedha kwa yule unayekwenda kununua kwake, na aliyekutuma hana khabari, umebaki kuwa wakili wa nani? Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika fungu la chakula, vidole vyake vikakuta umaji. Alipoambiwa kuwa ni mvua, aliuliza kwa nini kilicholowa hakikuwekwa juu watu wakakiona. Kilichomchukiza si mvua, ni kule kufichwa.

Na kufichwa kulikuwako. Desemba 2020 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa ilieleza kuwa baina ya 2015 na 2018 Robinhood, ilipowaeleza wateja namna inavyopata fedha, iliyaacha malipo haya bila kuyataja, nayo ndiyo yaliyokuwa pato lake kubwa. Ikasema pia kuwa wateja walipata bei duni, wakapoteza jumla ya dola milioni 34.1, hata baada ya kuhesabiwa udalali waliosamehewa. Kampuni ililipa dola milioni 65 bila ya kukiri wala kukanusha. Yaani hicho cha bure kilikuwa ghali kuliko cha kulipia.

Tena dalali wa namna hii hafaidiki kwa mteja kutulia. Hufaidika kwa kununua na kuuza kwake kila mara. Programu hiyo ilikuwa ikirusha vipande vya karatasi za rangi juu ya kioo cha simu, kama kwamba ni arusi, mpaka lawama zilipozidi ikaviondoa mwaka 2021.

Ilipotaka kuvuka bahari, mambo yalibadilika. Ilitangaza mwaka 2019 kuwa yaenda Uingereza, ikaahirisha mwaka 2020, ikafungua huko mwanzoni mwa 2024. Uingereza imeyazuia malipo hayo ya siri tangu 2012. Na Umoja wa Ulaya uliyakataza kwa sheria ya 2024, ukazipa nchi zilizoyazoea muhula hadi 30 Juni 2026. Basi huko kampuni ikashika njia nyingine, ambazo Marekani ilikuwa nazo siku nyingi: kuzikopesha hisa za wateja kwa watu wengine, na kuwakopesha wateja fedha za kununulia hisa, kwa nyongeza. Nyongeza hiyo msomaji amekwisha kuitambua jina lake.

Wala tusiwacheke. Dalali wa nyumba hapa mjini huchukua kwa mpangaji, akachukua kwa mwenye nyumba, na kila mmoja adhani ni yeye peke yake aliyelipa. Nasi twaswali naye safu moja, hatumwambii neno.

Vijana wetu hatuwaambii kuwa kununua hisa ni haramu kwa asili yake. Kushirikiana katika biashara ya halali ni jambo lijulikanalo. Lakini kabla ya kumkabidhi mtu fedha, mwulizeni: ni nani anayekulipa? Hisa zangu wamkopesha nani? Fedha nilizoziacha kwako wazifanyia nini? Robinhood yenyewe, tangu hisa zake zilipoingia sokoni Julai 2021, yalazimika kutangaza mapato yake kila robo ya mwaka, na karatasi hizo ziko wazi kwa kila asomaye. Aliyeuliza swali na azichukue aje nazo darsani, tuzisome pamoja na mlango wa wakala.