Mtu wa Kona

Wapenzi wa ngumi hupenda kusema kwamba mpambano huamuliwa moyoni kabla haujafika ulingoni. Mimi si mtu wa ngumi. Kazi yangu ya maisha ilikuwa kuwafunda walimu. Hata hivyo kauli hiyo nimeipima kwa miaka mingi, maana inagusa jambo ambalo kila mlezi hulikuta: moyo wa ushujaa hujengwaje, na je, mtu akishaujenga, aachwe nao peke yake? Ndugu msomaji, swali hili la pili ndilo linalonishughulisha katika kurasa hizi. Nimemchagua bondia awe mfano kwa sababu kwake jibu halikawii. Mara nyingi hupatikana kabla usiku haujakwisha.

Tuanze na woga. Watu wengi hudhani kuwa bondia hodari ni mtu asiyejua kuogopa. Cus D'Amato, mwalimu wa ngumi wa Marekani aliyewalea mabingwa wa dunia wa uzito wa juu Floyd Patterson na Mike Tyson, alifundisha kinyume cha hayo. Kwake woga ulikuwa kama moto: ukiutawala utakupikia chakula, ukikutawala utakuteketeza wewe na nyumba yako. Patterson aliposhindwa na Sonny Liston mwaka 1962, aliondoka mjini amejibandika ndevu za bandia ili asitambulike. Huyu ndiye mtu wa kwanza kuurudisha mikononi mwake ubingwa wa uzito wa juu baada ya kuupoteza. Woga na aibu alikuwa navyo tele, akaenda navyo ulingoni, akapigana.

Hali hiyo naifahamu. Nimewaona vijana wengi wa chuo wakisimama mbele ya darasa kwa mara ya kwanza, chaki ikitetemeka mkononi. Aliyenitia shaka hakuwa yule aliyetetemeka. Alikuwa yule aliyekuja mikono mitupu, bila andalio la somo, akisema kwamba yeye hana wasiwasi wowote.

Dawa ya woga ni mazoea. Bondia huamka alfajiri akakimbia, huruka kamba, hupiga gunia, hurudia pigo lile lile hata mkono ulijue bila kuulizwa. Hafanyi hivyo kwa kuwa ana hamu. Hamu ni mgeni, leo yupo kesho kaondoka. Hufanya kwa kuwa saa imefika. Kidogo kidogo anajifunza kuukatalia mwili wake. Mapafu yanalia, haya. Miguu inaomba kupumzika, bado. Sisi watazamaji tunamsifu kwa hilo, na twamsifu kwa haki.

Lakini hapo ndipo penye mtego. Mtu aliyejizoeza miaka kumi kuukatalia mwili wake kila ukimwambia imetosha, atautambuaje ukweli siku mwili utakaposema imetosha na ikawa kweli imetosha? Sauti ni ile ile. Amekwisha kujifunza kutoisikiliza.

Robert Wangila wa Kenya aliutwaa ubingwa wa Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, akimwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika raundi ya pili ya fainali. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Kenya katika ngumi, na Afrika Mashariki nzima tulishangilia. Baadaye akaingia ngumi za kulipwa. Tarehe 22 Julai 1994 alipigana na David Gonzalez huko Las Vegas. Katika raundi ya tisa mwamuzi alisimamisha mpambano. Wangila alilalamika, aliona bado anaweza kuendelea. Muda mfupi baadaye alizimia katika chumba cha kubadilishia nguo, na hakuzinduka tena. Alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 26.

Simlaumu mtu katika msiba huo, wala sielezi kisa hiki ili kuupunguza ushujaa wake. Nakieleza kwa sababu ya yale malalamiko. Hakuwa akiigiza. Moyo ule ule uliompa dhahabu Seoul ulimwambia kwamba bado yu mzima, naye akauamini kama alivyouamini siku zote. Moyo una uwezo wa kumwinua mtu aliyeanguka, lakini hauna macho ya kuona kinachotokea ndani ya fuvu la kichwa. Wahenga walinena kwamba nyani haoni kundule. Shujaa naye haoni mwisho wake. Huuona mtu mwingine.

Ndiyo maana pakawekwa kona. Ngumi za kulipwa huenda kwa raundi za dakika tatu, na katikati ya raundi na raundi kuna dakika moja tu. Katika dakika hiyo bondia hukalishwa, hunyweshwa maji, jeraha husimamishwa damu, uvimbe hukandwa kwa chuma cha baridi. Kisha huambiwa neno. Mwenye hekima humwambia neno moja au mawili, maana kichwa kilichopigwa hakibebi hotuba. Kwa nje bondia anaonekana kuwa mtu mpweke kuliko wote duniani, lakini kila dakika tatu anarudi kwa watu wake.

Na watu hao wakikosekana, hata nguvu hazitoshi. D'Amato alifariki mwaka 1985, mwaka mmoja kabla Tyson hajawa bingwa. Mwaka 1988 Tyson akaachana na Kevin Rooney, mwalimu aliyebaki wa nyumba ile. Tarehe 11 Februari 1990, mjini Tokyo, alikutana na James "Buster" Douglas. Jicho la Tyson lilipovimba, watu wa kona yake hawakuwa hata na kile chuma cha kukandia. Walijaza maji ya barafu katika glovu ya mpira wakamwekea. Bingwa wa dunia, na kona yake haikujiandaa kwa siku ya shida! Upande wa pili, Douglas alikuwa amefiwa na mama yake wiki tatu hivi zilizopita. Aliangushwa katika raundi ya nane, akainuka, na katika raundi ya kumi akamwangusha Tyson. Siwezi kupima uzito wa kumbukumbu ya mama katika mkono wa mtu. Nasema tu kwamba mtu anaweza kusimama na marehemu nyuma yake akawa na nguvu kuliko mwenye umati wa walio hai wanaomsifu.

Sasa tufike kwenye swali gumu. Tarehe 1 Oktoba 1975, karibu na Manila, Muhammad Ali na Joe Frazier walipigana mpambano wao wa tatu. Baada ya raundi ya 14 ilibaki moja tu. Frazier alikuwa na mtoto wa jicho katika jicho la kushoto, na la kulia lilikuwa limefumbwa na uvimbe. Mwalimu wake, Eddie Futch, akasema basi. Frazier alipinga, alitaka dakika zake tatu. Futch hakukubali. Ali naye alikuwa hoi, na hadi leo wapo wanaoamini kwamba asingeinuka kwa raundi ya 15.

Je, Futch alimwokoa mtu wake au alimnyang'anya? Pengine yote mawili. Hakuna aliyeweza kumhakikishia kwamba raundi moja zaidi ingeua, wala kwamba ingeleta ushindi. Alilojua ni kwamba mtu aliye mbele yake haoni ngumi zinakotoka. Frazier aliishi hadi mwaka 2011, akawaona wajukuu zake.

Miaka mitano baadaye zamu ilikuwa ya Ali. Tarehe 2 Oktoba 1980, akiwa na umri wa miaka 38, alipigwa na Larry Holmes raundi kumi mfululizo. Katika kona yake walikuwapo watu wawili waliompenda kwa muda mrefu. Drew Bundini Brown aliomba apewe raundi moja zaidi. Angelo Dundee akakataa, akausimamisha mpambano. Wote wawili walimpenda, sina shaka. Lakini mmoja alimpenda Ali aliyekuwa bingwa, na mwingine alimpenda Ali aliyekaa kwenye kigoda.

Najua hoja itakayoletwa. Mwili ni wa mwenyewe. Mtu mzima ana haki ya kuchagua hatari yake. Kumwamulia ni kumdharau. Hoja hiyo ina uzito, na mimi sitetei wale wanaowakatisha vijana tamaa kabla hawajajaribu. Anayekuzuia kwa kuwa hakuamini ni adui wa maendeleo yako. Lakini bondia hakuokotewa mtu wa kona njiani. Alimchagua mwenyewe, kichwa kikiwa kizima, siku nyingi kabla ya kengele. Kumchagua mtu na kumkabidhi taulo ni kumwambia: siku nitakapokuwa sijioni, nione wewe. Kwa hiyo anayerusha taulo analitii neno la bondia alilolitoa akiwa na akili timamu, dhidi ya neno analolitoa akiwa amepigwa. Sioni dharau hapo.

Shida ni kumpata mtu huyo. Promota anataka tiketi ziuzwe. Mashabiki wanataka hadithi ya kusimulia kesho yake. Ndugu wa nyumbani, masikini, pengine wanangoja karo na kodi ya pango. Kila mmoja ana sababu ya kusema endelea, na si wote ni watu wabaya. Kijana anayeingia ulingoni ajiulize swali hili juu ya kila anayemzunguka: nikisimama leo, huyu atapoteza nini? Yule ambaye hofu yake kubwa ni kukupoteza wewe, huyo mpe taulo. Kisha mpe ruhusa mapema, mbele ya mashahidi, ili siku hiyo asiyumbe utakapomlilia au kumtukana.

Kwetu sisi walezi somo ni zito zaidi. Ni rahisi kuwafundisha vijana kutokukata tamaa. Maneno yake ni matamu, na ukumbi hupiga makofi. Kukaa kando ya mtu unayempenda, ukimtazama macho yake na si ubao wa pointi, ukiwa tayari akuchukie maisha yake yote ili maisha hayo yawepo, hilo halipigiwi makofi. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Walisema pia asiyekubali kushindwa si mshindani. Na pale mshindani mwenyewe anaposhindwa kukubali, basi pawepo mtu wake wa karibu atakayekubali kwa niaba yake, kisha amshike mkono wamrudishe nyumbani.