Raha ya Mji wa Kati Inalipiwa na Nani?

Msomaji mwenzangu, kuna swali ambalo sisi tulioko ughaibuni tunaulizwa kila tukipiga simu nyumbani: "Hivi huko uliko ni pazuri?" Aliyeko New York au London hana shida, jina la mji linamjibia. Sisi wa Des Moines inabidi tuanze na somo la jiografia kwanza.

"Kaka, kumbe uko New York!"

"Hapana, niko Iowa."

"Iowa ndo wapi tena?"

Iowa ni jimbo lililo katikati ya Marekani, katika lile eneo wanaloliita Midwest, na Des Moines ndio makao makuu yake. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi wapatao 214,000, bila vitongoji. Si kijiji, wala si jiji la kutisha. Kwenda Chicago ni zaidi ya kilomita 500, na sehemu kubwa ya njia ni mahindi na soya, soya na mahindi, mpaka macho yanachoka. Ni mji wa kati kwa kila maana ya neno hilo.

Sasa basi, tukikutana sisi vijana, iwe baada ya ibada au kwenye sherehe ya mtoto wa mtu, mjadala ni uleule: tubaki hapa au tuhame? Anayetaka kubaki atakuambia kodi ya nyumba inalipika, mtu wa mshahara wa kawaida anaweza hata kuota kununua nyumba yake, kuvuka mji mzima kwa gari ni dakika 20 hivi, na usiku unalala usingizi wa maana. Anayetaka kuondoka naye hakosi la kusema. Baridi ya Januari inaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Kama huna gari wewe ni mfungwa, maana jioni mabasi yanaadimika. Ukikosa kazi sehemu tatu nne umeshaumaliza mji. Halafu ule upweke! Unapita mtaa mzima huoni binadamu, unaona magari na nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha askari.

Yote ni kweli, na sitapoteza karatasi kuyapima moja moja. Wasiwasi wangu ni juu ya mizani yenyewe. Tunauliza "mimi napata nini?" kama mtu anayechagua shati mnadani. Tunaandika raha upande wa faida, karaha upande wa hasara, tunajumlisha, basi. Hakuna anayeuliza: hii raha niliyoiandika hapa, aliyeilipia ni nani?

Chukua zile dakika 20. Hakuna kitu tunachokisifia kama hicho. Mtu aliyewahi kukwama kwenye foleni ya Dar es Salaam au Nairobi anaweza hata kuzitungia shairi. Zinatokana na barabara kuu ya I-235 inayokata katikati ya mji. Lakini barabara haikupita angani. Kulikuwa na mtaa ulioitwa Center Street, moyo wa Wamarekani weusi wa mji huu: maduka yao, vinyozi wao, migahawa yao, klabu za jazi ambako wanamuziki waliokuwa safarini walisimama kupiga. Miaka ya 1960, barabara hiyo pamoja na mpango uliopewa jina tamu la kuujenga mji upya viliufuta. Sisemi uliharibiwa, nasema ulifutwa. Ukiutafuta leo utaonyeshwa lami, nyasi na majengo ambayo hayakumbuki kitu. Wenye maduka walitawanyika, na wengi wao biashara zao hazikuinuka tena mahali pengine.

Kwa hiyo mimi nikiwahi kazini kwa dakika 20, kuna mtu aliyepoteza duka la baba yake ili niwahi. Hilo tuliandike upande gani wa orodha?

Utaniambia: kaka, kila mji duniani una makaburi yake chini ya barabara. Sawa kabisa. New York ina yake, Nairobi ina yake. Ila hapo ndipo ninapouona umuhimu wa huu ukubwa wa kati tunaoudharau. Mwanafalsafa Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, alisema mji una kiwango chake: uwe na watu wa kutosha kujitegemea, lakini usizidi kiasi cha kuweza kuonwa wote kwa jicho moja, maana raia wasiojuana tabia hawawezi kuhukumu wala kugawa madaraka vizuri. Yeye alifikiria miji ya Kiyunani, na wala hakuwahesabu watumwa na wanawake kuwa raia, hivyo tusimbebe mgongoni kama nabii. Hata hivyo nadhani aligusa jambo. Katika jiji la watu milioni nane unaweza kusema kwa moyo safi, "Mimi nitajuaje nani kaumia?" Kijijini huwezi kusema hivyo, kila mtu anajua ng'ombe wa kila mtu. Mji wa kati ni kitu cha ajabu: ni mkubwa kiasi cha kukuruhusu ujifanye hujui, na ni mdogo kiasi kwamba ukitaka kujua, mwisho wa wiki hii utakuwa umeshajua. Mzee aliyekulia Center Street unaweza kukaa naye benchi moja kinyozi. Diwani unaweza kukutana naye kwenye foleni ya maziwa. Basi usipojua, ni kwamba umeamua. Kwangu mimi hiyo ndiyo sura ya kwanza ya kuishi mahali kama hapa, kabla ya kodi na kabla ya baridi: mji unakunyima kisingizio.

Nenda katikati ya mji mwezi wa Januari uone. Wamejenga njia za juu, zimefunikwa kwa vioo, zinaunganisha majengo ya ofisi, mabenki na hoteli, jumla yake zaidi ya kilomita 6. Mfanyakazi wa bima (na Des Moines ni mji wa bima hasa) anaegesha gari ndani, anaingia kazini, anakwenda kula mchana na kurudi, hajavaa koti na hajakanyaga theluji. Chini yake, barabarani, kuna mtu anasubiri basi huku pumzi yake inaganda kwenye kitambaa alichojifunga mdomoni. Kinachowatenganisha ni kioo na mita chache. Wanaonana. Mara nyingi nimepita huko juu mwenyewe, na sioni ubaya wa mtu kukimbia baridi. Lakini hebu niambie ni wapi pengine falsafa inachorwa waziwazi namna hiyo.

Sasa kuna hoja nzito zaidi, na hii nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu. Dada mmoja Mkongomani, mama wa watoto wanne, anayefanya kazi kiwandani usiku, aliniambia: "Mimi nimekuja juzi na begi moja. Center Street sikuivunja mimi. Nimekimbia vita. Acha na mimi nikae kwa amani kidogo." Unamjibu nini mtu kama huyo? Kiswahili chetu unakisikia sana hapa siku hizi, kwa Wakongomani, Warundi, Wabanyamulenge, na wengi wao wamepitia mambo ambayo mimi nayasoma tu. Wamefika kwenye jimbo lenye nguruwe zaidi ya milioni 20 na watu milioni 3.2, ambako kuna kazi ya kuchinja na kukata nyama, kazi ambayo mwenyeji akiipata pungufu anaikimbia.

Namjibu kwamba deni la kuvunja si lake, na sina haki ya kumtwisha. Ila na raha yake naye kuna mtu aliyeifungulia mlango. Mwaka 1975, baada ya vita vya Vietnam, gavana wa Iowa Robert Ray alikubali kuwapokea Watai Dam, watu waliokuwa wamekimbilia Laos na sasa hawana pa kwenda, wapatao 1,200, wakae jimbo moja wasitawanywe. Lilikuwa jambo la hiari, na si kila mpiga kura alilipenda. Tangu hapo Iowa ilijijengea mazoea ya kupokea wageni, mazoea ambayo miaka mingine yamelegea na mingine yamekazwa. Dada yangu huyo amekaa juu ya uamuzi wa watu asiowajua, kama mimi nilivyokaa juu ya msiba wa watu nisiowajua. Urithi wa mji haugawanyiki: huchukui ukarimu ukaacha uvunjaji. Alicheka, akasema, "Wewe mwandishi una maneno," akaenda kulala kwa sababu zamu yake ilikuwa inaanza saa nne usiku.

Tena wapo wanaosema kujua hakusaidii kitu, unajitia huzuni bure. Hapa nitawapa kisa cha Edna Griffin. Julai 7, 1948, mama huyu mweusi aliingia na mwanawe mchanga na wenzake kwenye duka la dawa la Katz, katikati ya Des Moines, akaagiza aiskrimu. Akakataliwa kwa rangi yake. Sheria ya jimbo iliyokataza ubaguzi wa namna hiyo ilikuwapo tangu mwaka 1884! Ilikuwa imelala kwenye kabati. Griffin na wenzake wakasimama na mabango nje ya duka, wakaketi ndani, wakaenda mahakamani, na mwaka 1949 mahakama ya juu ya Iowa ikathibitisha kwamba meneja ana hatia. Hiyo ni miaka 6 kabla ya mgomo wa mabasi wa Montgomery ambao dunia nzima inaujua. Kwamba dunia haimjui Griffin, nayo ni hasara ya mji wa kati: hata ushindi wake hauna spika kubwa. Lakini angalia ukubwa wa mapambano yenyewe. Duka moja, aiskrimu moja, jaji ambaye njia ya kwenda nyumbani kwake inajulikana. Katika mji wa namna hii uovu una anwani.

Wenzangu mnaoshika kalamu, najua mnasubiri niseme kama mwandishi inampasa kuhamia jiji kubwa. Bill Bryson alizaliwa Des Moines mwaka 1951, akaondoka, akapata jina akiwa Uingereza, na baadaye akarudi kuuandika mji wake kwa kicheko. Kwa upande mwingine, mwendo wa saa mbili mashariki ya hapa kuna mji mdogo kuliko huu, Iowa City, wenye shule ya uandishi iliyoanza mwaka 1936, na tangu mwaka 1967 waandishi kutoka duniani kote, Afrika ikiwemo, wamekuwa wakialikwa huko kukaa na kuandika. Kwa hiyo hoja ya kwamba fasihi inaota kwenye saruji ya majiji tu, mimi sinunui. Ninachoona ni kwamba jijini mwandishi anapata wasomaji, na hapa anapata watu watakaomuuliza sokoni kwa nini aliandika vile. La pili linatisha zaidi.

Nimalizie na maji. Des Moines inakunywa kutoka mito miwili, Raccoon na Des Moines. Julai 1993 mafuriko yalikizamisha kiwanda cha maji, na watu 250,000 wa mji na vitongoji wakakaa siku 12 bila maji ya bomba, huku maji yakiwa kila mahali. Hilo wazee wanalisimulia vizuri sana. Lisilosimuliwa sana ni naitreti, ile chumvi ya mbolea inayotoka kwenye mashamba ya juu na kuteremka na mto, hatari kwa watoto wachanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mji ulijenga mtambo mkubwa wa kuichuja. Mwaka 2015 mamlaka ya maji ikazishtaki wilaya tatu za wakulima, na mwaka 2017 kesi ikatupwa. Kumbuka hayo mashamba ndiyo yanayoulisha mji, ndiyo yale mahindi na soya ya njia ya Chicago.

Juni 2025 naitreti ilipanda hadi mitambo ikaelemewa, na wakazi wa mji na vitongoji wakakatazwa kumwagilia nyasi. Jirani yangu, mzee mpole wa miaka kama 70 anayezinyoa nyasi zake kila Jumamosi, alisimama uani na mpira wa maji uliokauka mkononi. Nyasi zilikuwa zimeanza kuwa njano kuanzia upande wa barabara. Ameishi hapa maisha yake yote. Akanigeukia akaniuliza: "Hivi wewe, unajua huu mto unapita mashamba ya akina nani?" Nikamwambia ramani ninayo ndani. Akauacha mpira pale chini, akanifuata.