Ukiachwa Nje, Utamwinua Nani?

Andiko la wiki: Matendo 9:26-28, 11:22-26

Wiki hii nina swali moja tu kwako: nafasi uliyoiombea ikipewa mwingine, utafanya nini na kile kilichobaki mkononi mwako?

Wapenzi wa raga watanielewa haraka. Nyinyi wengine nivumilieni kidogo, twende Wales, kijiji cha Cefneithin, kwa wachimba makaa ya mawe. Huko alizaliwa Carwyn James, mwaka wa 1929, mtoto wa mchimba makaa. Alicheza nambari kumi, na alikuwa hodari kweli. Lakini wakati huo Wales ilikuwa na nambari kumi mwingine, Cliff Morgan, mmoja wa waliosifika sana duniani. Basi Carwyn aliichezea nchi yake mara mbili pekee, 1958. Mara mbili, basi! Kazi yake ikawa ualimu.

Wengi wetu hapo ndipo tunapokwama. Umepitwa kwenye cheo kazini, unaacha kumwelekeza kijana mpya. Hukupewa kuongoza sifa, unahama kwaya. Tunasema, "Si wamemtaka yeye? Wacha ajue mwenyewe."

Carwyn alichukua alichojua akawapa wengine. Mwaka wa 1971 alikuwa kocha wa Lions, timu inayokusanya wachezaji wa Uingereza, Scotland, Wales na Ireland, wakaenda New Zealand. Mechi nne na All Blacks: wakashinda mbili, wakapoteza moja, wakatoka sare moja. Mpaka leo hakuna Lions wengine walioshinda msururu huko. Na nani alivaa nambari kumi? Barry John, kijana wa Cefneithin, kijiji kilekile! Jezi iliyompita Carwyn ilimng'arisha mtoto wa jirani, na Carwyn ndiye aliyekuwa akimwandaa. Mwaka uliofuata, Oktoba 31, klabu yake ya Llanelli ikawapiga All Blacks 9-3.

Sasa hapa nataka tuwe wakweli. Ungedhani baada ya hapo alipewa timu ya Wales. Hakupewa. Alitaka kocha awe na usemi katika kuchagua wachezaji, wakuu hawakukubaliana naye, akajiondoa. Alifariki 1983 bila kuwahi kuifundisha Wales. Lakini hakukunja mikono. Alienda Italia, na klabu ya Rovigo ikawa bingwa 1979.

Kwa hivyo sitakudanganya madhabahuni kwamba ukivumilia lazima utapewa kile kiti. Huenda usipewe. Swali ni nani atakuwa amesimama kwa sababu wewe ulikuwepo.

Mwangalie Barnaba. Yerusalemu walimwogopa Sauli. Barnaba akamshika mkono, akamtetea mbele ya mitume. Kazi ya Antiokia ilipokua, hakuing'ang'ania peke yake. Alifunga safari mpaka Tarso kumtafuta mtu ambaye angekuja kumzidi. Na alimzidi! Soma Matendo 13: sura inaanza Barnaba akitajwa wa kwanza, kabla haijaisha ni Paulo na Barnaba. Je, umewahi kusoma mahali Barnaba akilalamika juu ya mpangilio huo wa majina? Mimi sijaona.

Mpendwa, kuna mtu ulipitwa naye na bado unaumia ukimwona. Sisemi hauumii. Uchungu huo mpelekee Bwana kwa magoti, ataupokea. Lakini usiache ujuzi wako uoze kwa sababu ya kiti. Kuna kijana katika idara yako, kwa duka lako, kwa nyumba yako, anahitaji kile unachojua.

Zoezi la wiki: andika jina moja la mtu utakayemshika mkono. Mwombee kila asubuhi, na kabla ya Jumapili mpigie simu, umfundishe kitu kimoja. Ukiweza, awe ni yule aliyepewa nafasi yako.

Mungu akutie nguvu. Amina.