Haja Ijayo Mara Chache



Ndugu mmoja wa usharika wetu, fundi seremala na mtoaji mwema wa sadaka, alinunua motokaa miaka mitatu iliyopita. Aliuza ng'ombe wanne na sehemu ya shamba lake la kahawa, na fedha zilizopungua akazikopa. Nilimwuliza sababu, maana banda lake la kazi limo uani mwake, na kanisani huja kwa miguu. Akanijibu, "Mwalimu, sikuinunua kwa kutembelea. Naiweka kwa siku ya ugonjwa. Kutoka Kasulu hata Hospitali ya Maweni kule Kigoma ni karibu kilometa 100, na ugonjwa haubishi hodi." Tangu siku ile motokaa imesimama chini ya mwembe, na kuku hutaga chini yake. Kila juma huiwasha kidogo ili betri isife, kisha huizima.

Jibu lake limenikaa moyoni, kwa kuwa si jibu la mpumbavu. Aliyepata kukesha na mtoto mwenye homa, mvua ikinyesha na njia imegeuka tope, hawezi kumcheka. Nasi wa mpakani, tulioona watu wa Burundi wakivuka mwaka 1972, na 1993, na tena 2015, wengi wao wakiwa na mizigo ya kichwani tu, twajua kwamba siku mbaya huja. Hata hivyo swali halikuniacha: je, yampasa Mkristo kutoa mali ya kila siku kwa ajili ya haja ambayo labda itakuja mara moja katika miaka mitano?

Tena si motokaa tu. Tembea Kasulu mjini, au Kibondo, hata vijijini, utaziona nyumba za watoto wetu wafanyao kazi Dar es Salaam na Mwanza: vyumba sita, bati la rangi, nondo madirishani, kufuli mlangoni. Mwenyewe huja wakati wa Krismasi, na miaka mingine haji. Husema ameijenga ili siku ya msiba watu wapate mahali pa kukaa. Miti mingi iliteketea katika tanuru la matofali yake, na sasa wakaao ndani ni popo na mchwa. Nimeiona moja ambayo mama mzazi wa mwenye nyumba hulala katika kibanda kivujacho, hatua ishirini tu kutoka hapo, kwa sababu funguo ziko Dar es Salaam.

Wako watakaosema kwamba Bwana ametukataza kuisumbukia kesho, basi neno limekwisha. Mimi naona halijaisha. Yusufu aliweka nafaka miaka saba kwa njaa isiyoonekana bado, akasifiwa. Tajiri wa Luka 12 naye alitaka kujenga ghala, akaitwa mpumbavu. Na katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 4, mwanamke wa Shunemu alimwomba mumewe wajenge chumba kidogo juu ya nyumba kwa ajili ya Elisha, mgeni apitaye mara mojamoja. Chumba kile bila shaka kilikuwa kitupu siku nyingi, wala nabii hakumkemea. Lakini angalieni: Yusufu aliweka kwa ajili ya nchi nzima, na Mshunemu alijenga kwa ajili ya mtu asiye wa nyumba yake. Tena alipima. Kitanda, meza, kiti na taa, basi.

Hapo nikaanza kuona kosa la hesabu yetu. Haja iliyo adimu kwa nyumba moja si adimu kwa kilima kizima. Tuseme nyumbani kwangu mtu huugua sana mara moja katika miaka mitatu, na mtaa wetu una nyumba 150. Kwa hesabu hiyo kila mwaka nyumba 50 zitakuwa na mgonjwa wa kupelekwa mbali, karibu moja kila juma. Motokaa isiyo na kazi kwa fundi wetu ingekuwa na kazi tele kwa mtaa.

Wazee wa Buha waliijua hesabu hii bila kuiandika. Mgonjwa alibebwa kwa machela, watu wanne wakipokezana na wanne wengine, wala hakuna mtu aliyejiwekea wabebaji wake peke yake. Na mwenye ng'ombe wengi hakuwafunga wote zizini mwake akingojea siku ya mahari au ya njaa. Kwa desturi ya ubugabire aliwaweka kwa wengine. Aliyepewa akakamua maziwa, akapata samadi kwa migomba yake, na mwenyewe akawa na haki ya kudai siku ya haja. Sisemi desturi ile ilikuwa njema yote. Mwenye ng'ombe alikuwa bwana, na mpokeaji alikuwa mtu wake wa kutumwa. Jambo hilo wazee hawalisahau. Lakini ng'ombe hakukaa bure.

Mbona sisi hatufanyi hivyo? Wengine husema, ukiazima motokaa itarudi imevunjika, na mafuta atalipa nani? Ni kweli, nimeona mashine ya kusaga ya watu wote ikifa kwa kukosa mtu wa kuitia mafuta. Hayo yana dawa: daftari, mweka hazina mwaminifu, dereva mmoja. Nadhani sababu iliyo chini zaidi ni nyingine. Twanunua ili tusiombe. Kwenda usiku kugonga mlango wa jirani ni aibu, basi tunalipa ng'ombe wanne ili tuepukane na aibu hiyo. Na Luther, katika Katekisimo Ndogo, alipoeleza ombi la riziki ya kila siku, alihesabu nyumba, shamba, mifugo na fedha, kisha akawahesabu na majirani waaminifu katika riziki hiyohiyo.

Mwezi wa Machi mke wa jirani wa fundi yule alishikwa na uchungu usiku. Watu walipita mbele ya ua wake, wakaupita na mwembe, wakaenda kutafuta pikipiki. Alijifungua njiani, na kwa neema ya Mungu mama na mtoto wote ni wazima. Asubuhi fundi aliwaambia kwa huzuni, "Mbona hamkunigongea?" Wakanyamaza. Mmoja akasema, "Tulijua ile ni ya ugonjwa wako."

Nami sina ruhusa ya kumhukumu. Nyumbani kwangu kiko chumba cha wageni wa kanisa, chenye kitanda cha chuma na godoro jema. Katika miaka minne kimelaliwa usiku mara mbili. Watoto wangu watatu hulala mkeka mmoja upande wa pili wa ukuta. Mke wangu alisikia habari ya fundi, akanitazama, akauliza ni nani tunayemngoja. Jumamosi iliyofuata tulikihamisha kitanda.